Saa ya Dhahabu Yenye Haraka

Jumanne, 22 Machi 1988

Suruali mbili za shule. Kanzu moja ya kufupisha. Mkanda wa cherehani umekatika tena, nimeuunga kwa kamba ya kiatu. Mvua tangu mchana. Chini ya mabati haya humsikii hata mtu anayebisha hodi.

Nilimpelekea Yusufu, fundi saa, shati lake. Kwenye kisanduku chake cha kioo kuna saa ya Uswisi, ya dhahabu, kubwa, ya mkono wa mwanamume. Mwenyewe alihamia Bukavu akamwachia aiuze. Kioo kimekwaruzwa. Mshale wa sekunde haupo. Yusufu hakunificha kitu. "Mama Zuhura, hii iko na haraka. Inakimbia mbele. Nimeifungua mpaka nimechoka."

Wanaume wa mtaa wetu huu wa Biryogo hawaitaki, dini hairuhusu mwanamume kuvaa dhahabu. Watu wa mjini huinunua, kisha huirudisha kwa sababu inakimbia.

Mimi ni mwanamke. Dhahabu ninaruhusiwa.

Nimerudi nyumbani sina utulivu.

Jumatano, 23 Machi

Nimekosea kukata mfuko wa kanzu. Akili iko kwenye saa.

Si urembo ninaoutaka. Mume wangu Hamisi ndiye aliyekuwa saa ya ua huu. Nyumba nne, bomba moja. Katika Ramadhani mlima Kigali hulificha jua mapema, ukiamini macho utafungua kabla ya magharibi. Na mvua ikipiga mabati, adhana haisikiki. Basi wote walimtazama yeye. Alisimama mlangoni kwetu, mkono ameuinua karibu na uso kama anaunusa. Hakuna aliyegusa tende mpaka aseme Bismillahi.

Alifariki mwaka jana, baada ya Idi. Saa yake aliichukua kaka yake wa Bujumbura. Ni haki yake.

Ramadhani inakaribia. Mlango ni uleule. Sitaki kuuona mtupu.

Ijumaa, 25 Machi

Nimemuuliza Yusufu bei. Hataki pesa. Anataka baiskeli ya Hamisi. Aliiona ukumbini siku ya hitima, akaikumbuka. Nimekasirika, kisha nimeona aibu kwa kukasirika. Magurudumu yamelala, hayana upepo. Hata Hamisi mwenyewe, kwa vilima hivi, aliisukuma zaidi ya kuipanda. Lakini nikipita usiku gizani mkono wangu hugusa usukani.

Yusufu akaniambia, "Enda nayo kwanza. Ishi nayo. Ukishindwa, rudisha." Akaiweka sawa kwa redio yake, akanifunga mkononi. Nzito. Mkono wangu ulionekana wa mtu mwingine.

Jumatatu, 28 Machi

Siku mbaya.

Wanawake wa ua tuko kwenye kulipa. Kila mmoja ana siku zake za Ramadhani iliyopita, zile ambazo mwanamke hafungi, na tunazimaliza kabla mwezi mpya haujaingia. Leo tulifunga sote. Jioni mvua ikaja kubwa. Tukakaa kibarazani kwangu na uji. Mama Aziza, jirani wa mlango wa pili, akaona saa. "Haya, Madamu wa dhahabu, tuambie."

Nikasimama mlangoni. Nikainua mkono. Nikasema Bismillahi kwa sauti yangu yote.

Tulikuwa tumeshakunywa vikombe nusu, mvua ikapungua ghafla. Ndipo adhana ikaanza.

Mama Aziza akaweka kikombe chini. "Yewe! Saa yako imefika Makka, sisi imetuacha Biryogo!" Wakacheka. Bi Mariamu, mkubwa wetu, alikuwa analipa siku za ugonjwa wake. Hakucheka. Alitema uji kwenye kiganja, akaenda bombani kunawa. Mzee wa miguu mibovu ile, kutwa nzima bila tone la maji, na siku yake imeharibika kwa ajili yangu.

Tulikuwa tunalipa deni. Sasa tuna deni la deni.

Jumanne, 29 Machi

Mama Aziza kupitia ukuta, asubuhi: "Mama Zuhura, huko kwako ni Idi tayari? Tuje kula pilau?"

Nimevua saa. Nimeifunga kwenye kitambaa. Ninaichukia.

Alhamisi, 31 Machi

Nilikwenda kuirudisha. Kisanduku cha Yusufu kimefungwa, yuko msibani Rwamagana. Nimerudi nayo. Nimepita sokoni bila kununua nilichokwenda kununua. Nimeifuta baiskeli vumbi. Kengele bado inalia. Nikailiza tena, kisha nikaacha, nisije nikaonekana mwendawazimu.

Nani aliniambia nisimame pale? Hakuna. Nilijiweka mwenyewe.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimelipata jambo. Niliandike lisinipotee.

Asubuhi redio ilipolia saa kamili niliifungua ile saa kwenye kitambaa, nione tu imekimbia kiasi gani. Imekimbia sana. Nikataka kuirudisha nyuma. Kile kidude cha pembeni lazima ukivute nje kwanza. Kucha zangu ni fupi, za kazi. Nikakivuta kwa ncha ya mkasi.

Hapo nikamwona Hamisi.

Kila alfajiri, baada ya kuswali, alikaa ukingoni mwa kitanda, sikio kwenye redio, saa mkononi. Mimi nilidhani anaijaza ufunguo. Lakini kuijaza huna haja ya kuvuta, unazungusha tu. Yeye alivuta. Alivuta kwa ukucha wa kidole gumba, ule aliouacha mrefu na mimi nikimtania miaka yote. Nilimwambia ni ukucha wa bibi harusi. Alicheka tu, hakueleza.

Saa yake nayo ilikuwa mbovu. Ilikimbia au ilichelewa, sitajua. Kila siku aliirudisha kwenye haki yake, na sisi tukadhani ana saa nzuri.

Nimelia. Kisha nimechapa kazi vizuri, kanzu mbili.

Alhamisi, 7 Aprili

Tumelipa tena, sote. Asubuhi niliisawazisha kwa redio. Jioni hakukuwa na mvua. Nilikaa nyuma, saa ndani ya mkono wa gauni, nikiisubiri dakika ya magharibi. Mshale ulifika. Nikangoja. Adhana ikaja baadaye kidogo tu, kiasi cha kusoma Fatiha taratibu mara mbili tatu.

Bi Mariamu alinitazama. Aliona ninachofanya. "Kumbe unaijua tabia yake," akasema.

Ijumaa, 8 Aprili

Yusufu amerudi. Nimempa baiskeli. Alisema ataniachia kengele, nikamwambia hapana, baiskeli bila kengele ni nini. Hakuipanda. Aliisukuma kupanda kilima, mgongo umeinama vilevile. Nilifunga mlango kabla hajafika juu.

Ukumbi umekuwa mpana. Sipendi.

Jumapili, 17 Aprili

Mwezi umeonekana. Watoto wanapiga masufuria. Mama Aziza ameleta tende: "Hizi ni za kesho, sha, mwenzangu, si za leo. Muonyeshe na yule mwenye haraka wako."

Ninaogopa. Mawingu upande wa mlima.

Jumatatu, 18 Aprili

Asubuhi niliisawazisha saa kwa redio. Mvua ilianza alasiri, haikukatika. Redio inakwaruza tu. Ua wote ulikusanyika kibarazani, na wanaume nao. Mlima umeshameza kila kitu, giza mapema. Adhana haikusikika.

Walitazama mlangoni. Nikaenda nikasimama.

Mshale ulifika. Mume wa Mama Aziza akanyoosha mkono, mkewe akampiga kofi mkononi. "Ngoja mwenye saa."

Nikasoma Fatiha moyoni. Nikaisoma tena. Nikaongeza moja kwa ajili ya Hamisi.

Bismillahi, nikasema. Sikupaza sauti. Wote walisikia.

Bi Mariamu alikula tende yake polepole, akaweka kokwa kwenye kiganja changu, kama alivyokuwa akimwekea Hamisi.

Sasa vyombo vimeoshwa. Mvua bado. Saa iko mezani, inakimbia. Ukucha wa kidole gumba umeanza kurefuka, unanasa kwenye uzi ninaposhona. Siukati.