Mke Mkubwa wa Chuma

Jumatatu, 9 Juni

Na wala si wivu! Nilimjibu mama mkwe hivyo hivyo. Mwanamke mwenye wiki tano za ndoa aionee wivu mashine ya kuchonga chuma? Akacheka hadi akajishika ubavu. Nizoee, anasema, huyo ndiye mke mkubwa, yumo katika karakana hii tangu mume wangu hajaota ndevu.

Lakini mke mkubwa amechoka. Mota zake zikipewa kazi nzito zinaruka hatua, chuma kinaharibika. Mume wangu (mume wangu! sichoki kuliandika) amenunua mota mpya tatu na draiva zake, vile visanduku vinavyoiamuru mota izunguke kiasi gani. Ameniahidi: mashine ikichonga sawasawa, kesho yake tunakwenda kwa mama yangu. Mama hajatuona tangu harusi. Kila jioni anapiga simu — lini?

Jumatano, 11 Juni

Leo nimekuwa fundi! Yeye kalala chini ya mashine anafunga mota, miguu tu ndiyo inaonekana — hata miguu yake mizuri — ananitajia mipangilio. Mimi nimeshika draiva, napanga viswichi vidogo kama punje za mchele kwa ncha ya bisibisi.

"Cha kwanza chini. Cha pili juu."

"Tayari, bosi."

"Bosi ni nani humu?"

"Muulize mke mkubwa!"

Akacheka, akagonga kichwa. Nikampuliza palipouma. Kisha nikampuliza na pasipouma.

Jioni akamwambia mama yake kwamba nina mkono wa fundi. Nilivimba kichwa!

Ijumaa, 13 Juni

Kipande cha kwanza kiwe zawadi yangu, alisema. Moyo, kwenye bamba la alumini! Mashine ikanguruma, kisha ikawa inaimba kabisa. Nilimshika mkono muda wote.

Moyo ukatoka mpana, mfupi, umebonyea kama kiazi kilichokaliwa. Mama mkwe akaugeuzageuza.

"Mwanangu, mbona mkeo umemchongea figo?"

Nilicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Kumbe mota mojawapo inakwenda nusu ya inavyoagizwa. Mbovu, anasema. Akapiga simu dukani, akawaka. Wamekubali kuibadilisha, ila nyingine itafika baada ya wiki tatu. Basi safari ndiyo hivyo tena. Mama nitamwambia nini?

Jumamosi, 14 Juni

Laiti nisingepangusa vumbi!

Nilikuwa napangusa zile draiva tatu. Mbili viswichi vyake vimekaa sawasawa. Ya tatu — hapana. Nikaigeuza kichwa chini miguu juu, ikafanana na wenzake! Kumbe siku ile niliishika kinyume. Namba zimeandikwa pale pale, nami nilikuwa natazama miguu ya mtu.

Mota haina kosa. Mkono wa fundi ndio huu.

Nimwambieje? Ameshagombana na watu wa duka. Ameshanisifu kwa mama yake. Mara tatu nimefungua mdomo, mara tatu nikauliza kama atakunywa chai. Amekunywa vikombe vitatu.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi hii nimemkuta amekwisha kuifungua mota, ameipakata kama mtoto mchanga. Alikuwa karakanani anatafuta kasha la kuirudishia dukani. Nimesimama mlangoni, bisibisi mkononi, nikasema, "Mume wangu, nina neno."

Simu ikalia. Mama!

Akaipokea yeye, mpole kama siku ya kuposa. Shikamoo mama, tusamehe mama, mota mbovu mama, mwezi huu hatutaweza. Mama akaomba azungumze nami.

"Mwanangu, nisiwangoje basi?"

Mume wangu akanitazama. Akaitazama bisibisi. Akanitazama tena.

Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa mama mkwe uani: "Tungoje, mama. Mota ni nzima kabisa. Kabla mwezi huu haujaisha, tunakuja."