Bwawa la Botagoz

Karaganda,
Aprili 9

Apa, mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao Balzhan. Goti linaendeleaje? Usinijibu "sijambo" kama unavyomjibu kila mtu hadi daktari. Niambie kama unapanda ngazi za kwa kaka bila kushika ukuta. Na yule ngamia mkaidi amezaa? Mimi mwili ni mzima, ila roho imevurugika, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mara tatu nimekupigia simu niseme, mara tatu ukaniwahi kwa kuuliza, "Wajukuu zangu wa majini hawajambo?" nami nikajibu hawajambo. Apa, nilikudanganya. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Unakumbuka ulivyokuja mwezi uliopita ukaishangaa kazi yangu ya kutunza samaki wa maonyesho. Ulisema umeolewa na mvuvi, umekaa Aralsk ukaiona bahari ikikimbia mpaka bandari ikabaki mchanga mtupu, lakini hujapata kuona watu wakipika bahari kama supu. Nikakuonyesha magunia ya chumvi, tangi la kukorogea, vichujio vya mchanga, na ule mnara unaotoa povu chafu. Ukacheka, ukasema hata sufuria ya nyama huenguliwa povu vivyo hivyo. Mkuu wangu, Mzee Seitkali, alifurahi mno. Alisema miaka kumi na tano anawaeleza wageni habari za mnara ule na hakuna aliyeelewa upesi kama wewe.

Halafu tukaenda kwa Botagoz, yule samaki taa mpana kama sinia, uliyempa jina hilo kwa macho yake ya mtoto wa ngamia. Alikuwa amezaa wanne siku mbili kabla. Ukasema penye uzazi hapakosi shashu, ukachota mfukoni ukarusha peremende hewani kama tuko harusini. Wafanyakazi wazima wakazigombania, na hata mkurugenzi wetu, mama yule asiyecheka, aliokota mbili. Ukainua mikono ukaomba, "Bahari hii isikimbie." Wote tukaitikia amina.

Siku ya sita tangu uondoke Botagoz aligoma kula. Kesho yake asubuhi nikakuta mtoto mmoja tumbo juu. Nilipigwa na butwaa! Joto sawa, chumvi sawa, hewa sawa, pampu zinavuma kama kawaida. Kabla ya chakula cha mchana akafa wa pili. Nikapima maji kwa kila dawa tuliyo nayo, na kipimo cha shaba, ambacho maji yakiwa salama hakibadiliki rangi, kikageuka zambarau. Nikamwaga, nikapima upya. Zambarau ileile! Shaba kwetu sisi ni birika tu, Apa. Kwa taa ni sumu. Tukawahamishia Botagoz na wawili waliobaki kwenye tangi safi.

Sasa, jengo zima anayeshika shaba ni mtu mmoja tu. Mzee Seitkali huitumia kuwatibu samaki wageni wenye vimelea, katika chumba chao cha peke yao. Mkurugenzi akamuuliza kama aliuleta mpira wa maji wa chumba kile kwenye bwawa letu. Mzee akafoka, akasema heri aambiwe amekula mchana wa Ramadhani kuliko kuambiwa amechanganya mipira. Hawakumwamini. Kuna waliosema pembeni, naye anasikia, kwamba mzee sasa chumvi na sukari kwake ni mamoja. Wakamnyang'anya funguo. Alikunja koti lake jeupe taratibu, akaniagiza nisisahau kuwakatia watoto wa Botagoz nyama ya kamba vipande vidogo. Alhamisi Botagoz akafa, na mtoto wa tatu akamfuata.

Ijumaa asubuhi nilizima pampu ya bwawa, nikainua wavu wa shimo la chini, pale maji yanapofyonzwa, nikatia mkono. Ya Rabi! Nilitoa sarafu, zimeota kijani. Kopeki, Apa! Pesa za serikali iliyokwisha kufa. Nani Karaganda hii anatembea na kopeki? Nilizijua hata kabla ya kuzifuta. Ni zile za mshahara wa mwisho wa Baba kwenye kiwanda cha samaki, ulizozifunga kwenye leso ya bluu miaka yote hii. Shashu bila sarafu si shashu, najua, nawe ulitoa kilicho bora kuliko vyote ulivyo navyo.

Usijilaumu, nakuomba kwa magoti. Wewe hukujua. Mimi nilijua. Siku ile niliona kitu kikimeta katikati ya peremende kikazama. Mimi ndiye niliyeandika kibao cha mlangoni kinachokataza hata pete! Lakini niliona haya kumkatiza mzazi dua ikiwa mdomoni, mbele ya wakubwa wangu. Nikasema nitatazama baadaye. Nikatazama sakafu, sikuona kitu, nikajipa moyo. Hata kipimo kilipogeuka rangi nilikumbuka, nikalifukuza wazo. Na nilipozishika kopeki zenyewe nilizitia mfukoni nikanyamaza siku mbili nyingine, mzee wa watu yuko kwake anaitwa muuaji, kwa sababu sikutaka jina lako litajwe.

Jumapili nilikwenda kwake, nikaziweka mezani kabla chai haijamiminwa. Aliniita punda. Akarudia, na mkewe akamuunga mkono. Kisha akauliza ni pesa za nani, nikamweleza habari za Baba. Akazigeuza moja moja. Mwishowe akavaa koti, akasema mtoto aliyebaki hasubiri machozi yetu, twende kwa mkurugenzi. Amerudishiwa funguo. Mimi nimehamishiwa kwenye magunia ya chumvi, na sina kinyongo.

Bwawa ilibidi limwagwe lote. Niliomba nifungue bomba mwenyewe. Maji yalishuka, ukutani ukabaki mstari mweupe wa chumvi, nami nikakuona wewe umesimama bandarini Aralsk. Apa, uliomba bahari isikimbie, na mimi mwanao ndiye niliyeifukuza.

Mtoto wa Botagoz jana alikula vipande viwili vya kamba. Mzee Seitkali amekataza asipewe jina mpaka uje umpe wewe, na anasema mifuko yako ataipekua yeye mwenyewe mlangoni. Kopeki za Baba nimezifunga humu ndani ya bahasha. Nilikaa nazo na limau na chumvi nizisugue, nikashindwa.

Nisalimie kaka na shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Ukishaisoma barua hii nipigie simu, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mwanao,
Balzhan