Kidoti cha Pembeni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na shemeji ameacha kulitibu kwa maneno. Mimi sijambo, na kwa heshima zote nakutangazia rasmi kwamba mdogo wako, tarishi wa kitivo, tangu Jumanne ni kidoti cha kijani.

Unazikumbuka zile fomu nilizosambaza mtaani, za utafiti wa ushirikiano wa chuo na jamii? Kila mtu alitakiwa ataje watu watano anaoshirikiana nao. Kompyuta imemgeuza kila mtu kidoti, na kila aliyetajwa akachorewa mstari hadi kwa aliyemtaja. Picha imebandikwa ukutani, pana kama shuka. Mkuu wa kitivo amekaa katikati kama buibui aliyeshiba.

Wewe uko pembeni kabisa, chini, karibu na gundi. Huna hata mstari mmoja wa kutajwa.

Miaka tisa unafundisha watu wazima kusoma katika chumba cha chuo, na hakuna aliyekutaja. Nilimuuliza fundi cherehani, uliyemfundisha kuandika jina lake. Alinicheka, akasema tangu lini mtu akaandika ndugu kwenye fomu. Wewe ni dada yao, washirika ni wale wageni wanaogawa kofia. Muuza mkaa naye akasema hivyo hivyo, tena akanuna kwamba nimemtusi.

Nikamwendea mtafiti. Alinipa kiti, akanipa pole, akasema kompyuta haimjui aliyesahauliwa, inamjua aliyeandikwa. Ripoti imeshapitishwa, na vyumba vya chuo watabaki navyo wenye mistari tu.

Sasa dada, nifike pale ninapopakwepa. Fomu nilizikusanya mimi, na unanijua, nilizisoma zote njiani. Niliona hukutajwa. Yangu ilikuwa bado tupu. Nikamwandika mkuu wa kitivo, naibu wake, na wakubwa watatu ambao hawajawahi kuitikia salamu yangu. Kumtaja dada yangu mbele yao niliona haya. Mtafiti ameniambia mstari mmoja ungetosha.

Nimeshindwa kukutazama usoni nikayasema haya, ndiyo maana naandika. Msalimie shemeji, na darasa zima.

Ni mimi mdogo wako,
Tarishi

Barua ya kukutoa chumbani nimeibana nyuma ya hii. Tia saini ukurasa wa pili. Nitapita kuichukua kesho saa tatu.