Kigari Kinachofuata Mwanga

Jumatatu, 7 Juni
Uji, vidonge, kiti cha barazani. Miguu imevimba tena. Mjukuu wangu Neema karudi na mikono myeusi kutoka ghala la ushirika lililofungwa. Binti wa mjini, Mwalimu Stella, anawakusanya wasichana watatu humo, eti wanatengeneza mashine inayojiendesha. Kwa nini wasichana tu? Kwa nini bure? Tangu soko huria lije, hakuna anayetoa kitu bure. Wangapi wametoka hapa Ulemo kwa jina la mafunzo, wakaishia kufua nguo za watu Dar es Salaam. Simwamini.

Jumatano, 9 Juni
Nimejikokota hadi ghalani. Wamechuchumaa wakitazama kigari cha mbao chenye mota za redio kaseti. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyeniamkia. Mimi, niliyewafundisha baba zao kusoma. Kigari kikaja hadi mlangoni, kikasimama. Nikaondoka.

Mchana nimewaita baba yake Mariamu na baba yake Zaina, wale wasichana wenzake Neema. Nimewaambia nina hakika binti huyu anatafuta wasichana wa kazi za ndani. Nimemsikia mwenyewe, nikasema. Sikumsikia. Wamekubali: Jumamosi hakuna atakayekwenda kuonyesha kigari kwenye maonyesho ya Singida Mjini.

Alhamisi, 10 Juni
Neema hali chakula. Jioni kasema: "Bibi, ulisimama mlangoni ukaziba jua. Kigari kina macho, kinafuata mwanga. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama chenyewe. Tulibana pumzi, hata salamu tukasahau." Kisha, bila kunitazama: "Mwalimu alitutuma tuje kukuomba radhi. Tukakusikia unavyomsema."

Aibu. Na bado nikauliza nani anamlipa.

"Anauza mitumba mnadani, bibi."

Ijumaa, 11 Juni
Moyo umechoka. Sina muda mrefu, na hili sitaki kwenda nalo. Nimewaita tena wale baba wawili. Nikasema: niliwadanganya. Baba Zaina kacheka. "Mwalimu, na wewe? Tungedanganya sisi, ungetuchapa." Kamruhusu mwanawe. Baba Mariamu kakataa. Anaona binti wa mjini amenipa kitu ili nigeuze maneno. Mashaka hayo nimempa mimi.

Jumamosi, 12 Juni
Basi limeondoka asubuhi. Neema na Zaina wamekipakata kigari. Nimemwambia Neema asimwache Zaina hata dakika moja. Siwezi kujizuia.

Mariamu, aliyechonga magurudumu yote manne, amekuja kunifagilia uani. Nimemwomba msamaha.

"Haya, bibi," amesema. Akaendelea kufagia.