Maziwa Aliyonipa Kaka

Kibuta, Jumatano, masika ya 1938

Mvua imenyesha tangu alfajiri na nguo za mtoto hazijakauka. Nina hasira. Bora niandike kuliko kwenda kuyasema barazani kwa watu.

Marehemu mdogo wangu aliniachia Kibwana akiwa na siku tatu tu. Jirani alimnyonyesha kidogo, naye akakaukiwa. Ng'ombe huku kwetu hawakai, mbung'o wanawamaliza. Basi kaka yangu Shomari, mwenye duka Kisarawe, akawa ananiletea maziwa ya kopo, bure, kila wiki. Nilimsifu kwa kila mtu. Nikasema mjomba kweli ni mama.

Mtoto akawa anashiba huku anakonda.

Anamaliza kikombe, lakini miguu vijiti, nywele zinageuka rangi. Nikadhani ni husuda. Nikamvalisha hirizi, nikamfukizia ubani. Naona haya kuyaandika haya.

Jana nilimpeleka kwa dresa wa dispensari, na kopo nikalibeba. Alilizungusha, akasoma Kiingereza chake, akaniuliza nani kanipa. Kumbe yale maandishi madogo yanasema hayafai kwa watoto wachanga. Yametolewa siagi yote huko yalikotoka, yakatiwa sukari, yakafungwa. Sikujua kwamba maziwa hutolewa mafuta yakabaki meupe vilevile. Mimi nasoma Kiswahili tu, na aliyenifundisha ni huyo huyo Shomari.

Njia nzima kwenda dukani nilimtafutia udhuru. Labda hakusoma. Labda alisahau.

Hakukana. Alisema makarani, wateja wake wajuao Kiingereza, waliyasoma maandishi yale wakakataa kununua, mzigo ukamkalia.

"Nilijua yameandikwa hivyo," akasema. "Lakini maziwa ni maziwa, mdogo wangu. Ningeyatupa?"

Nilikuwa karibu kumsamehe, Mungu ni shahidi. Nikajiambia ni ujinga tu, hakukusudia.

Hapo mkewe akatoka ndani kampakata mwanawe, aliyemzidi Kibwana mwezi mmoja, mashavu yamejaa. Maziwa ya mama yake hayamtoshi, naye anaongezewa ya kopo. Nikamwuliza wifi anampa yapi. Hakuwa na habari ya lolote, maskini. Akanionyesha kopo lenye picha nyingine kabisa.

"Kaka yako kanikataza," akasema. "Yale ya kwenye sanduku la pembeni nisimpe mtoto."

Shomari akajifanya anapanga sabuni.

Niliondoka bila kuaga. Dresa kasema nimpe maziwa ya mbuzi, yachemshwe kwanza, na mtoto atarudi katika hali yake akitunzwa. Jirani kanipa mbuzi wake nikamue asubuhi na jioni. Leo Kibwana kanywa kidogo, akalala. Dukani kwa kaka sitakanyaga tena, hata waje wazee kunisihi.

Aliyenisaliti ni Shomari, hilo nalijua. Lakini kila kijiko alichokunywa yule mtoto nilimnywesha mimi, kwa mkono wangu, nikisema bismillahi.