Jibu la Dada Nililolitupa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefundisha wanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Pituitari: kitezi cha ukubwa wa njegere, chini ya ubongo. Kikiota uvimbe, homoni ya ukuaji inamwagika ovyo na mtu mzima anaanza kukua upya—viganja, nyayo, taya. Nikawaambia, ombeni picha za zamani za mgonjwa! Msiwategemee ndugu, wanamwona kila siku, hawaoni kitu. Darasa likacheka. Mkuu wa idara naye kasema utafiti wangu wa homoni hii utasomwa kwenye mkutano mkubwa. Nimerudi nyumbani kichwa juu.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kaja kula mchana. Pete ya ndoa hana! Eti ilimbana mpaka sonara kaikata. Mkasi wake wa kushonea nao hauingii tena vidoleni, kanunua mkubwa, wa mafundi wa mahema. "Mikono ya kazi hii, siyo ya kushika kalamu kama yako." Nikamjibu, haya, Mama Viganja! Tukacheka mpaka machozi. Jina hilo nimempa mimi, miaka sasa.

Halafu kaigonga glasi ya maji. Ilikuwa pembeni yake tu, upande wa kulia. Hakuiona. Akaomba radhi, akafuta meza. Nikamtazama taya. Chakula kikanishinda.

Jumapili, 9 Machi

Nimeitoa picha ya harusi yake kwenye fremu. Si uso huu. Mungu wangu, si uso huu kabisa.

Na kuna hili, niliandike maana kulisema siwezi. Miaka mitatu iliyopita nilitafuta watu wenye afya, niwalinganishe na wagonjwa wangu. Dada alikuwa wa kwanza kujitolea. Kafunga cherehani siku nzima, kaja na viatu vipya, akilalamika vinambana. Vinambana! Nikamtoa damu, jibu lake la homoni likatoka juu kuliko majibu ya wenzake wote. Nikasema sampuli imeharibika. Sikurudia kipimo. Bila yeye grafu ilinyooka vizuri, basi nikamtoa. Akaniuliza, vipi damu yangu? Nikamwambia, uko buheri wa afya. Hivi mimi nilisomea nini?

Jumanne, 11 Machi

Damu yake bado ipo kwenye friza ya maabara. Nimeipima mwenyewe. Juu. Nimerudia. Juu vilevile. Haikuharibika kitu.

Nimempigia simu aende akapigwe picha ya kichwa. Sijamwambia nimejuaje. Kasema asante. Asante!

Na aibu juu ya aibu: nimesimama kwenye kioo najikagua taya, vidole. Tumelala tumbo moja. Yeye ndiye anayeumwa, mimi najiogopea!

Alhamisi, 13 Machi

Naandika chooni, hospitali. Mlango nimeutia komeo.

Uvimbe upo. Mkubwa, umekandamiza mishipa ya macho. Daktari wa upasuaji kasema wataufanyia kazi wiki ijayo, ila kuona kwa pembeni huenda kusirudi kote. Ungewahiwa ungali mdogo, macho yasingeguswa. Dada hakutikisika. Kamwambia, huyu mdogo wangu ndiye bingwa wa mambo haya, hata damu yangu imo kwenye utafiti wake! Daktari kanigeukia: kumbe aliwahi kupimwa homoni? Lini? Ilisoma ngapi?

Dada kanishika mkono kwa kiganja kile. "Mwambie basi. Si ulisema niko buheri wa afya?" Hakunilaumu hata chembe. Alikuwa anajivuna!

Nikasema tumbo linanikata. Nikakimbia. Mtu mzima, digrii tatu, najificha chooni.

Sasa anagonga. Kaja kwa kupapasa ukuta, nimemsikia njia nzima.

"Fungua, mdogo wangu. Usinililie. Kungekuwa na kosa, ungeliona wewe kabla ya wote. Njoo umpe daktari hiyo namba."

Namba ninayo kichwani. Mkono wa kushoto uko kwenye komeo—