Kikombe Alichonitengea Wifi Kokulinda

Dorcas, wifi Kokulinda kanitengea kikombe! Mezani, mbele ya mama mkwe!

Nilisema tu vipimo vya kazini vimeonyesha nina kingamwili za homa ya ini. Akadakia, "Kumbe unaumwa ini! Usituambukize!" Kikombe cha plastiki, Dorcas. Cha plastiki!

Nikamwambia, "Wifi, hizo zimetokana na chanjo. Seli B, zile seli za kinga kwenye damu yangu, zimebadilisha-badilisha kingamwili mpaka zinakinasa kirusi barabara, na hazisahau. Za kwako je? Si ulikimbia sindano?"

Mama mkwe akamgeukia, "Kumbe wewe ndiye hujachanjwa? Basi kikombe hicho ni chako mpaka ukachanjwe."

Nikakijaza chai mwenyewe. Nikampa wifi kwa mikono miwili.